Mwacheni Mzee Achore Majambazi Wake



Yako maneno yasemwayo majumbani mwetu kwa sauti ya mapenzi, na ukiyapasua ndani hukuti ila dharau. Mzee amestaafu. Miaka thelathini na ushei alikuwa karani wa mahakama, au afisa wa forodha, au mlinzi wa bandari, na leo ana kiinua mgongo chake na siku zake ni zake. Anatoa daftari, penseli na wino, anaanza kuchora hadithi ya picha: mwizi, mpelelezi, maiti iliyookotwa ufukweni, kesi. Asema atazipiga chapa kwa fedha yake, toleo baada ya toleo, na kuziuza mwenyewe. Hapo nyumba nzima huinuka. Mke asema, "Baba watoto, watu watatucheka." Mwana aliyesoma asema, "Baba, hizo ni katuni, mambo ya watoto wadogo." Shemeji naye, ambaye hakuna aliyemwuliza, asema mtu wa umri ule yampasa kukaa kitako na kungoja.

Kungoja nini? Neno hilo haliwezi kupitwa hivi hivi. Mtu akistaafu hurudisha funguo za ofisi na sare ya serikali. Macho yake harudishi, wala yale aliyoyaona kwa macho hayo. Ikiwa kuna jambo lenye manufaa alilobaki nalo, na mkono ungali unashika kalamu, ni nani aliyetoa amri kwamba anyamaze? Sisi twamtetea mzee huyu mbele ya watu wa nyumba yake, na hatumtetei kwa huruma, kama atetewavyo mgonjwa aachiwe mchezo wake. Twasema kazi yake ni kazi, na wanaomzuia wanazuia kitu wasichokijua.

Na tuanze na hoja ambayo wasomi wetu huiona ndiyo kali kuliko zote: kwamba lau hadithi za mzee zingekuwa na thamani, mchapishaji angezichukua. Ajilipiaye mwenyewe, wasema, ni yule aliyekataliwa. Wenye kusema hivi hawaijui historia ya hadithi za picha hata kidogo, na yafaa wasimuliwe habari za Mmarekani mmoja aitwaye Steve Ditko.

Ditko alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Johnstown, jimbo la Pennsylvania. Alijifunza kuchora New York, kwa Jerry Robinson, mmoja wa wachoraji wa Batman. Mwaka 1962 yeye na mwandishi Stan Lee walimtoa Spider-Man, yule kijana wa utando wa buibui ambaye leo hata mtoto wa Kisauni au Kariakoo anaye kwenye mkoba wake wa shule. Mkono wa Ditko ndio uliolichora vazi lile na macho yale meupe. Mwaka 1966 aliiacha kampuni, na buibui akabaki kule. Mwaka 2002 ilipotoka filamu kubwa ya Spider-Man, mapato yake duniani yalipita dola milioni 800. Jina la Ditko liliandikwa kwenye filamu, lakini mali ilikuwa ya wenyewe. Miaka mitatu baada ya kufa kwake, yaani mwaka 2021, ndugu yake alianza kudai haki za mchoro ule, kampuni ikakimbilia mahakamani, na jambo likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2023. Hiyo ndiyo heshima ya kuchukuliwa na mchapishaji, ambayo mwana aliyesoma amtakia baba yake.

Sasa mtazame mtu huyo huyo upande wa pili. Mwaka 1967, katika gazeti dogo liitwalo witzend, lililoanzishwa na mchoraji mwenzake Wally Wood ili kila mchoraji abaki na haki ya kazi yake, Ditko alimtoa mtu wa namna nyingine kabisa. Alimwita Mr. A. Ni mwandishi wa habari ambaye huvaa suti nyeupe na kinyago cha chuma, huandama majambazi, na huacha nyuma yake kadi iliyogawanywa nusu mbili, nusu nyeupe na nusu nyeusi, bila ya rangi ya kati. Hakuna kampuni kubwa ambayo ingempa Ditko nafasi ya kusema aliyoyasema katika kurasa zile. Kwa hiyo Mr. A alikuwa wake peke yake, na alirudi kwake mara kwa mara katika maisha yake yote.

Mwaka 1998 Ditko aliachana na kampuni kubwa moja kwa moja. Alikuwa na miaka 70. Kwa hesabu ya shemeji yetu, huo ndio wakati wa kukaa na kungoja. Yeye alifanya nini? Akashikana na Robin Snyder, mhariri aliyewahi kufanya naye kazi zamani, na kuanzia mwaka 2008, mwenyewe akiwa na miaka 80, wakawa wanatoa vijitabu vya kurasa 32, vingi vyake kwa wino mweusi mtupu, toleo baada ya toleo, vyenye hadithi fupi za wahalifu na watu wanaowaandama. Baadhi ya matoleo yalichangiwa na wasomaji kabla ya kupigwa chapa. Hakutoa mahojiano, wala hakupita kwenye maonyesho kuuza sahihi yake. Alikwenda chumbani kwake Manhattan akachora. Alikufa Juni mwaka 2018 na umri wa miaka 90, na vijitabu vilikuwa vikitoka mpaka miaka ile ya mwisho.

Basi nani alimkataa nani? Mtu aliyemchora Spider-Man angeweza kupata kazi kwa kampuni yoyote kwa kunyanyua simu. Alichotaka ni ukurasa usio na bwana juu yake. Usiniambie tena, ndugu yangu, kwamba ajilipiaye ni aliyekosa.

Tukitoka hapo, twakutana na hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi, kwa hiyo sitaki kuipiga teke. Ni hoja ya mama mwenye watoto: hadithi za ujambazi zafundisha ujambazi, na picha ni mbaya kuliko maandishi kwa kuwa hata asiyejua kusoma aona kisu kikiingia. Mama huyu si wa kwanza kusema hivi. Kanada ilitunga sheria dhidi ya katuni za uhalifu mwaka 1949, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2018. Uingereza nayo ilitunga ya kwake mwaka 1955. Marekani alitokea daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu mwaka 1954 kusema kwamba katuni hizi zawaharibu watoto, na mwaka huo huo Baraza la Seneti likaketi New York kuwahoji wachapishaji. Mmoja wao, William Gaines, aliwekewa mezani jalada lenye mtu aliyeshika shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akaulizwa kama aona ni jambo la staha. Akajibu kwamba kwa gazeti la kutisha ni la staha. Ukitaka kujua namna mtu anavyoweza kujizika mchana kweupe, soma kikao kile.

Wertham hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefungua kliniki Harlem mwaka 1946 kwa ajili ya watu weusi maskini ambao hospitali nyingine hazikuwatazama, na aliwahurumia watoto kwa dhati. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley aliyafungua makaratasi yake yaliyohifadhiwa, akaonyesha kwamba daktari alikuwa ameyapinda maneno ya watoto aliowahoji, mengine ameyachanganya na mengine ameyaacha, ili yaende upande alioutaka. Nia njema haihalalishi ushahidi uliochezewa. Karani wa mahakama yeyote angemwambia hivyo.

Na kilichofuata ndicho ninachotaka mama akitazame. Wachapishaji wale, kwa kuogopa serikali, walijitungia kanuni Oktoba 1954. Kanuni ilisema katika kila hadithi wema ushinde. Ilisema polisi, mahakimu na wakubwa wa serikali wasionyeshwe kwa namna ya kuwapunguzia heshima. Ilifika mpaka kupima ukubwa wa herufi za neno "uhalifu" juu ya jalada! Muhuri wa kanuni ile ulikaa kwenye majalada mpaka mwaka 2011, kampuni za mwisho zilipoutupa. Je, watoto wakasalimika? Walichopata ni hadithi ambazo ndani yake hakuna hakimu ala rushwa wala askari mwongo. Mtoto wa kwetu aliyeona kwa macho yake noti ikipita kwenye dirisha la gari, ukimpa hadithi kama hiyo, atajifunza jambo moja tu: kwamba wakubwa husema uongo hata katika michezo.

Ama magazeti yaliyoleta ghasia ile, yalikuwa na ugonjwa wao, na ugonjwa wenyewe ulikuwa biashara. Moja liliitwa Crime Does Not Pay, yaani uhalifu hauna faida. Lilianza mwaka 1942 na likadumu mpaka 1955. Jina lake lilikuwa waadhi na kurasa zake zilikuwa risasi. Mhalifu alikula, akanywa, akavaa, akaua, kisha katika picha ya mwisho akanyongwa ili jina la gazeti lisiaibike. Liliponunuliwa sana, wengine wakaliiga, na kila mwigaji ilimlazimu kumwaga damu zaidi ya mwenziwe ili aonekane kibandani. Hapo ndipo shoka lile lilipotoka.

Mzee wako hana mshindani wa kushindana naye kwa damu. Hana mwenye hisa amwambiaye kwamba toleo lililopita lilikuwa baridi. Ana jina lake tu, ambalo watu wa mtaa walijua kabla hajashika kalamu, na atalikuta msikitini kesho asubuhi. Mama, ukiniuliza ni nani wa kuaminiwa kumwonyesha mwanao ujambazi ulivyo, nitakwambia ni mtu ambaye atakutana na mwanao njiani.

Lakini sisemi kwamba kila ajilipiaye ni hodari, wala kwamba uhuru wa ukurasa wamwongoza mtu wenyewe. Hapa nina maneno na Ditko. Katika hadithi ile ya kwanza ya Mr. A yupo kijana mhalifu, na mwishowe kijana huyu aning'inia juu, kifo kiko chini yake. Mr. A aweza kumwokoa, asimwokoe. Kijana aanguka. Mwandishi wake aliona hiyo ndiyo haki: nyeupe ni nyeupe, nyeusi ni nyeusi, na mwenye kumhurumia mwovu ameshirikiana naye. Sisi katika sheria tuijuayo, hata walii wa damu, ambaye nduguye ameuawa, amefunguliwa mlango wa kusamehe, na mlango wa toba haufungwi kwa kijana anayening'inia. Kadi ya nusu mbili ni rahisi kuichora. Mtu aliyekaa mahakamani miaka thelathini ajua kwamba wengi wa waliosimama kizimbani wangetoshea katika ile rangi ya kati ambayo Ditko aliikataa.

Kisha kuna jambo la ufundi. Kazi zake za uzeeni zina maneno mengi kuliko picha zinavyoweza kubeba. Watu husimama, hunyoosha vidole, huhutubiana, na viputo vya maneno hufunika nusu ya ukurasa. Mkono ulikuwa bado unajua, ila mhubiri alikuwa amemzidi mchoraji. Ajilipiaye mwenyewe hana wa kumkatia maneno, na wazee, tuseme kweli, tunapenda kusema. Basi mzee wako naye ajitafutie mtu mmoja asiyemwogopa, amsomee kabla ya kwenda matbaani, na ampe ruhusa ya kufuta. Mtu huyo asiwe mwanafunzi wake wala anayemdai fedha.

Ama hadithi za uhalifu zenyewe, msidhani ni kitu kigeni kilichotujia na meli. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, naye ana miaka 42, na ndani yake akatuletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum sahibu yake. Alikuwa mtu wa magazeti, akahariri Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968. Sasa hesabu: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, Kosa la Bwana Msa 1984. Vitabu vyote hivi ni vya mtu aliyekwisha kustaafu! Hakujichapishia mwenyewe, na vilikuwa vya maneno, havikuwa vya picha, nayakubali hayo. Lakini msiniambie kwamba mzee Mwislamu wa pwani kuandika juu ya mauaji na hila ni aibu mpya. Na kwa upande wa picha, watoto wa miji yetu walikua na Madenge, Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika gazeti la Sani, na walioyanunua walikuwa watu wazima.

Sasa tufike mahali penyewe. Jambazi wa katuni za ng'ambo ana bunduki na gari jeusi, na vijana wetu wanaoanza kuchora humwiga yeye, majumba marefu kwa majumba marefu, kana kwamba hapa hapana wizi wa kutosha. Jambazi wa kwetu mara nyingi hana silaha. Ana kalamu na muhuri. Ni yule aliyekwenda na wino kwenye kitanda cha bibi mgonjwa, akakishika kidole gumba chake kwa upole, akakibandika chini ya karatasi. Ni aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kisha akawa shahidi wa wote wawili. Ni ami aliyekaa juu ya mirathi ya mayatima, akawanunulia nguo za Idi kwa fedha yao wenyewe na wakamshukuru. Ni kijana aliyetumwa na kifurushi asichoambiwa kina nini, na tajiri aliyemtuma akatoa zulia msikitini. Ni jalada la kesi lililopotea siku ya hukumu, likaonekana baada ya mdai kufa.

Ni nani ayajuaye haya? Kijana wa miaka ishirini hayajui, naye hana lawama. Yule mzee mstaafu ayajua, kwa kuwa jalada lile lilipita mezani kwake. Ajua limewekwa kabati gani. Ajua mlango wa nyuma wa forodha ulifunguliwa saa ngapi na sauti ya kitasa chake. Na haya ni mambo ya kuonekana zaidi ya kusomwa. Kile kidole gumba, kichorwe peke yake katika picha moja, kikubwa, mikunjo yake na wino wake, na nyuma yake mkono wa kiume uliovaa saa nzuri. Usiandike neno. Msichana wa darasa la saba akiiona picha ile atamlinda nyanya yake kuliko angesikia hotuba kumi. Mwaonaje, hilo nalo ni jambo la watoto?

Ila asimchore jirani. Aliyejua siri kwa sababu ya kazi alizijua kwa amana, na hadithi yenye sura ya mtu anayejulikana na nyumba yake na pua yake imekwisha kuwa masengenyo, na pengine kesi. Achanganye: mwizi wa mwaka huu, shamba la mwaka ule, mji ambao haupo kwenye ramani. Bwana Msa hakuhitaji kumtaja mtu ili sote tujue kwamba ni sisi.

Na wako watakaouliza habari ya kuchora viumbe wenye roho. Hilo ni swali la haki, na wanazuoni wametofautiana juu yake tangu zamani. Mwenye wasiwasi amwulize sheikh anayemwamini, asiniulize mimi. Ninachokataa ni mtu ambaye ukuta wake umejaa picha za wanasiasa na wacheza mpira, kisha huikumbuka mas-ala hii siku baba mkwe aliponunua wino.

Yabaki mambo ya fedha, na hapa mke ana haki ya kusikilizwa kuliko wote. Kiinua mgongo si cha mzee peke yake. Gil Kane alikuwa mchoraji mwenye jina, mkono wake ukilipwa vizuri na kampuni. Mwaka 1968, akiwa na miaka 42, alijitolea gazeti lake mwenyewe la kijasusi na mapigano, His Name Is... Savage, kubwa la ukubwa wa magazeti ya watu wazima, rangi nyeusi na nyeupe, nje ya kanuni ile ya 1954. Toleo la kwanza ndilo lililokuwa la mwisho. Kuchora alijua, lakini kulifikisha gazeti mikononi mwa mnunuzi ni kazi nyingine, na huko ndiko wengi wanakozama. Kane aliendelea kufanya kazi mpaka alipokufa mwaka 2000, kwa hiyo hakuangamia. Lakini alikuwa na mahali pa kurudi, na mstaafu hana.

Basi mzee asikilize. Mwenye matbaa atamwambia kwamba nakala 1,000 zatoka kwa bei nafuu kila moja kuliko nakala 200. Ni kweli, na ndio mtego. Bei nafuu ya nakala iliyolala chini ya kitanda ni bei gani? Apige chapa kidogo, auze, arudi kwa nyingine. Atumie wino mweusi mtupu, kwani rangi hula fedha, na kivuli kizuri humtosha mwizi. Ahesabu kurasa zake kwa nne nne, kwa sababu karatasi ikikunjwa mara moja yazaa kurasa nne, na ukurasa wa thelathini na tatu utamgharimu kuliko alivyotaraji. Michoro ya asili asiiache matbaani hata usiku mmoja. Jina lake na mwaka viandikwe ndani ya kila toleo. Na ikiwa yeye ni wa maneno na kijana mwingine ndiye achorae, waandikiane kabla ya mstari wa kwanza, nani mwenye nini, na kijana asidhulumiwe. Itakuwa ajabu kubwa mtu atoke kwenye mikono ya kampuni kisha yeye mwenyewe awe kampuni.

Jambo moja zaidi kuhusu matoleo, nalo nalisema kwa wazee hasa. Wapo Wamarekani wawili, mume na mke, David na Maria Lapham, walioanza kujichapishia mfululizo wa hadithi za uhalifu mwaka 1995, Stray Bullets. Mume achora na kuandika, mke ashika uchapishaji. Ni kazi ya watu wazima kweli kweli, na yafaa wake zetu wajue kwamba nusu yake ilisimamiwa na mwanamke. Ilifika toleo la 40 mwaka 2005, ikasimama, na toleo la 41 halikutoka mpaka mwaka 2014. Miaka tisa msomaji alingoja mwisho wa hadithi. Wao walikuwa vijana, wakaweza kurudi. Mzee asiweke ahadi ya namna hiyo. Kila toleo liwe na hadithi yake iliyokwisha, mwizi akamatwe au aponyoke humo humo. Mpelelezi na aendelee mwezi ujao Mungu akipenda, lakini kesi ifungwe. Asimwachie mjane wake majalada yaliyo wazi na wasomaji wanaogonga mlango kuuliza ni nani aliyeua.

Wewe mwana uliyesoma, badala ya kuona haya, mnunulie baba yako taa nzuri ya mezani, kwani macho ya miaka sitini na tano si ya kuchorea kwenye koroboi, na umtafutie bei za matbaa tatu kabla hajaingia ya kwanza. Wewe mke, dai kuonyeshwa hesabu, kisha usome kurasa zake kabla ya mtu mwingine, na mahali usipoelewa mwambie. Ama shemeji, toleo likitoka, auziwe nakala yake kwa bei kamili.